Pima milango yako ya fahamu kwa siku moja Mwanza: mwongozo kamili, kuanzia Mwaloni asubuhi mpaka ufukweni usiku

Wakuu habari zenu. Mimi nafundisha tyusheni ya baiolojia huku Igoma na kila mwaka nikifika mada ya milango ya fahamu hali ni ileile, watoto wanachora jicho, wanaweka mishale, wanakariri konea sijui retina, mtihani ukipita wamesahau vyote. Mwaka jana nikaona isiwe tabu, nikaacha ubao nikawatoa nje Jumamosi nzima, na ndo nikagundua hata mimi mwenyewe vitu vingi nilikuwa navijua kwa mdomo tu. Kwa hiyo naweka hapa hatua zote, fanya na wanao au wadogo zako au hata na mkeo, haihitaji maabara.

Kabla hujaanza shika kitu kimoja, maana vyote vinavyofuata vinarudi hapo. Macho, pua na ngozi havina kazi ya kukuhesabia vilivyopo, kazi yao kubwa ni kukushtua kitu kikibadilika. Ni kama mlinzi wa getini, gari iliyopaki tangu asubuhi haimshughulishi kabisa, ila ikiingia mpya anainuka.

Vitu vya kuandaa: mabeseni matatu madogo, mpira wa maji wa kama mita moja (ule wa kumwagilia bustani), vijiti viwili vya kuchokolea meno, rula, karatasi na peni, pipi za matunda za ladha tofauti tofauti, sukari, pilipili kichaa mbili, maziwa kikombe, kitambaa cha kufungia macho, tochi na kipande cha nailoni nyekundu. Na mtu wa pili, peke yako huwezi.

Hatua ya kwanza: pua, saa moja asubuhi

Panda daladala ushuke Kirumba uteremke mpaka Mwaloni, soko la samaki, kule kwenye magunia ya dagaa na kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi). Ukifika tu sehemu harufu imekukamata, washa saa ya simu na ujipe alama, sema harufu ya sasa ni 10. Halafu simama palepale au zungukazunguka kati ya magunia, kila baada ya dakika moja andika alama mpya. Wanafunzi wangu wengi dakika ya tano walikuwa wameshafika 3 au 4, kuna mmoja aliandika sifuri akadhani anaumwa mafua. Ukimaliza toka nje barabarani ukae kama robo saa upate hewa nyingine, kisha rudi. Inapiga upya kama ndo umeingia.

Kinachotokea ni hivi. Juu kabisa ndani ya pua kuna kiraka kidogo kila upande, ukubwa wake kama stempu ya barua, kina seli za neva mamilioni kadhaa zenye vinyweleo vilivyolowa ute. Chembechembe za harufu zinaelea na hewa zinanasa kwenye ute zinagusa vipokezi. Binadamu ana aina kama 400 hivi za vipokezi vya harufu, na harufu moja inagusa kadhaa kwa pamoja, ndo maana kwa aina 400 tu unatofautisha harufu nyingi kuliko unavyoweza kuzipa majina, ni kama vidole kwenye kinanda, funguo ni chache ila miziki haiishi. Walioifumbua hii familia ya vipokezi ni Linda Buck na Richard Axel, mwaka 1991, wakapewa Nobel 2004. Sasa kipokezi kikigongwa na chembe ileile muda mrefu kinapunguza kelele, na ubongo nao unaizima hiyo taarifa kwa sababu haina jipya.

Binti mmoja kwenye kundi langu alimuuliza mama muuza dagaa, "Shikamoo mama, hii harufu haikusumbui?" Mama akajibu, "Marahaba, harufu gani tena mwanangu?" Hakuwa anatania. Ila hapohapo akachota dagaa kiganja kimoja kwenye gunia la jirani, akapitisha puani mara moja tu, akavirudisha, "Hawa walinyeshewa hawa." Sisi wote tuliinusa kile kiganja hatukupata tofauti yoyote. Yaani harufu ya dagaa kwake imeshazimwa, ila harufu ya dagaa aliyeharibika ni gari mpya getini.

Na hapa kuna jambo la kuwa nalo makini sana nyumbani. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu, ile harufu kama yai bovu au kitunguu kilichooza imewekwa makusudi ili ujue ikivuja. Sasa ukiingia jikoni ukaisikia halafu baada ya dakika chache ukaona kama "imeisha", usiamini pua, inawezekana pua ndo imezoea. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima swichi, toka nje. Kama hujui bado ipo muite mtu aliyekuwa nje aje anusie mlangoni.

Jambo dogo la mwisho hapa: ukitaka kunusa vizuri usivute pumzi moja ndefu, vuta fupifupi kama mbwa, hewa inapanda juu kwenye kile kiraka badala ya kupitiliza kooni.

Hatua ya pili: ulimi, mkiwa mnakula

Mfunge mwenzio macho, abane pua kwa vidole kabisa, mpe pipi ya nanasi au ya chungwa, yoyote, asiambiwe. Muulize ni ladha gani. Atakwambia tamu. Basi, tamu tu, labda na uchachu kidogo. Muache ainyonye kidogo halafu mwambie aachie pua. Uso wake utakwambia wenyewe, nanasi linatokea ghafla kama limeletwa na mtu.

Maana yake ulimi wenyewe unajua vitu vitano tu: tamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nono ya mchuzi wa nyama au nyanya iliyoiva sana ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliitenga mwaka 1908 akaiita umami. Hayo mengine yote, nanasi, embe, kahawa, sato wa kuchoma, ni pua, kwa sababu ukitafuna hewa ya mdomoni inapanda puani kwa mlango wa nyuma, kule kooni. Ndo maana ukiwa na mafua unalalamika chakula hakina ladha wakati ulimi wako mzima kabisa.

Sasa ile ramani ya ulimi mliyochorewa shule, kwamba utamu ncha ya ulimi na uchungu nyuma, naomba muifute. Nilishawahi kuifundisha na mimi, nakiri. Ilitokana na watu kusoma vibaya utafiti wa Mjerumani mmoja, Hänig, wa mwaka 1901, yeye alikuta tofauti ndogo tu za sehemu na sehemu. Jaribu mwenyewe, chovya kijiti kwenye maji ya sukari gusa ncha, gusa pembeni, gusa nyuma, kote utamu unausikia. Na vile vipele unavyoviona ulimini kwenye kioo sio vionjio vyenyewe, vionjio vimejificha kwenye kuta za hivyo vipele, na seli zake zinabadilishwa kila baada ya siku kama kumi, kwa hiyo ukiungua na chai usiwe na wasiwasi, zitaota nyingine.

Kama una matobolwa au michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) nyumbani, tafuna kipande kimoja dakika nzima bila kumeza. Utamu unaongezeka, na sio mawazo yako, mate yanavunja wanga kuwa sukari mlemle mdomoni.

Pilipili nimeiacha mwisho kwa makusudi. Ukali wa pilipili sio ladha! Ile kemikali yake inafungua kipokezi cha joto, kile ambacho kwa kawaida kinafunguka ukigusa kitu cha kama nyuzi 43 kwenda juu, yaani neva inatuma ujumbe "tunaungua" na ubongo unaamini, unatoa jasho, unatoa kamasi, wakati joto la mdomo halijapanda hata nyuzi moja. David Julius ndo aliyekipata hiki kipokezi, akagawana Nobel ya 2021 na Ardem Patapoutian aliyegundua vipokezi vya mgandamizo. Jaribio: gusisha pilipili kichaa kidogo sana ulimini, kunywa maji, andika alama, kisha kunywa maziwa, andika tena. Maji hayasaidii sana kwa sababu hiyo kemikali haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta, na protini ya maziwa inaibeba. Na kwa sababu kipokezi kipo kwenye neva za joto na maumivu, sio ulimini tu, kinakuwasha popote. Mimi siku hiyohiyo ya jaribio nilikata pilipili nikanawa kwa maji ya bomba harakaharaka nikafikicha jicho, mbele ya wanafunzi kumi na moja. Kwa hiyo paka mafuta ya kupikia mikononi kwanza, ndo unawe kwa sabuni.

Hatua ya tatu: ngozi, dakika kumi zinatosha

Beseni la kwanza maji ya moto ya kuogea (yasiyounguza, jaribu kwa kiwiko), la tatu maji ya friji yenye barafu, la katikati maji ya bomba. Mkono wa kushoto kwenye moto, wa kulia kwenye baridi, hesabu dakika moja na nusu, kisha yote miwili kwa pamoja kwenye beseni la katikati. Kushoto atakwambia maji ya baridi, kulia atakwambia ya moto, maji ni yaleyale, mtu ni yuleyule. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alishaliandikia hili tangu karne ya 17. Ngozi sio kipimajoto, inakwambia joto linapanda au linashuka na kwa kasi gani.

La pili, shika vijiti viwili pamoja vimetengana milimita 3, mguse mwenzio aliyefungwa macho kwenye ncha ya kidole cha shahada, muulize kimoja au viwili. Atasema viwili. Umbali huohuo mgongoni atasema kimoja, na utaendelea kuvitenganisha mpaka karibu sentimita 4 ndo aseme viwili. Vipokezi vya kidole vimebanana na eneo lake kwenye ubongo ni kubwa mno ukilinganisha na mgongo mzima. Nukta za breli, yale maandishi ya wasioona, zimetenganishwa kama milimita 2.5 hivi, palepale kwenye uwezo wa kidole. Mgongoni usingesoma hata herufi moja.

Hatua ya nne: sikio, na lile sikio jingine lililo ndani ya sikio

Chukua ule mpira wa maji, weka alama ya peni katikati kabisa kwa rula. Mwenzio aweke ncha moja sikio hili na nyingine sikio lile (nje ya tundu, asiingize ndani), mpira upite mgongoni kwake. We ukiwa nyuma gonga mpira taratibu kwa peni, mara katikati, mara sentimita 5 kushoto, mara 2 kulia, mara 1. Yeye anyooshe mkono upande anaosikia. Watu wengi wanapatia mpaka sentimita 1 pembeni ya katikati. Sasa piga hesabu, ukisogea sentimita 1 njia moja imepungua 1 na nyingine imeongezeka 1, tofauti ni 2, sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, hiyo inatoa kama sehemu 60 za milioni moja za sekunde. Ubongo umepima huo muda bila kukuambia umeupimaje. Ndo hivyohivyo unajua bodaboda inakuja kutoka upande gani kabla hujageuka.

Njia ya sauti naipitisha haraka kwa kuwa iko kwenye kila kitabu: kiwambo cha sikio kinatetemeka, vifupa vitatu vinaupokezana mtetemo, nyundo, fuawe, kikuku, hicho kikuku ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini, urefu milimita 3 hivi, kinasukuma maji ndani ya koklea iliyojizungusha kama konokono. Mle kuna seli zenye vinywele, kama 15,000 kwa kila sikio, na zikifa kwa binadamu hazioti tena. Hapa ndo napenda watu waelewe, seli za ulimi unapewa mpya kila baada ya siku kumi, za kusikia umepewa mara moja tu. Kipimo kinachotumika sana cha kelele kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unagawanywa kwa mbili, kwa hiyo ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Pakua programu ya kupima desibeli kwenye simu, haitakuwa sahihi sana ila itakupa picha, halafu ipeleke kwenye harusi au mnada wenye maspika makubwa usimame mbele. Masikio yakilia nziii ukifika nyumbani ujue uliyaumiza. Na pamba za kusafishia sikio acheni, zinasukuma nta ndani, nta inatoka yenyewe.

Lile sikio jingine ni la mizani ya mwili. Nenda saluni ya kinyozi mnayefahamiana ambayo ina kiti cha kuzunguka, omba ukitumie asipokuwa na mteja. Kaa, fumba macho, mwenzio akuzungushe kwa mwendo mmoja, taratibu, bila kubadili kasi, we unasema "nazunguka kulia" mpaka utakapohisi umesimama. Baada ya nusu dakika hivi wengi wanasema wamesimama. Bado wanazunguka! Kisha kiti kikisimamishwa kweli watasema wanazunguka kushoto. Ni kwa sababu ndani ya sikio kuna mifereji mitatu myembamba yenye majimaji, kichwa kikianza kuzunguka majimaji yanachelewa yanainamisha vinywele, mwendo ukiwa uleule majimaji yanaufikia na vinywele vinasimama wima, na ukisimama ghafla majimaji yanaendelea peke yake. Mabadiliko tena. Asiruhusiwe mtu kuinuka kabla ya dakika mbili, kijana mmoja alinibishia akainuka akakumbatia kioo cha watu.

Kutapika kwenye meli ya Ukerewe kunatokea humohumo, umekaa ndani unaangalia simu, macho yanasema tumetulia, sikio linasema tunayumba, ubongo hauelewi umuamini nani. Toka nje utazame vilima kwa mbali, uyape macho na sikio habari moja.

Hatua ya tano: macho, mchana kidogo, usiku sana

Mchana fanya hili. Chora alama ya X kwenye karatasi, kisha kulia kwake sentimita 8 chora doti jeusi la ukubwa wa kifungo cha shati. Funga jicho la kushoto, la kulia litazame X bila kuhama, sogeza karatasi taratibu kutoka urefu wa mkono kuja usoni. Karibu sentimita 30 doti linapotea, sogeza zaidi linarudi. Pale linapopotea ndipo neva ya jicho inapotokea nyuma, hapana seli za kuona hata moja. Sasa pitisha mstari wa peni katikati ya doti urudie. Doti linapotea lakini mstari utauona umenyooka mzima, yaani ubongo umekujazia kisichoonekana. Kwa macho mawili hulioni hilo doa kwa kuwa kila jicho linamfichia mwenzake. Ila kama ukijaribu ukaona sehemu nyingine zimefutika pia, au mistari ya daftari imepinda, hilo sio jaribio tena, nenda kliniki ya macho.

Usiku sasa. Angalia kalenda uchague siku za giza, mwezi haupo, kama wavuvi wa dagaa wanavyochagua, maana mbalamwezi ikiwaka taa zao hazivuti dagaa. Nenda na kundi, sio peke yako, ufukwe salama mbali na taa za mji, sisi tulikwenda upande wa Bwiru tukakaa juu ya mawe. Zima simu zote. Dakika za mwanzo utaona taa za mitumbwi tu kule ziwani, zimejipanga kama mji mwingine. Kaa. Seli zako za rangi, kama milioni 6 kila jicho, zinamaliza kuzoea giza ndani ya dakika kumi hivi, halafu zinakwama. Zile za giza, kama milioni 120, zinaendelea mpaka nusu saa na zaidi, zinajenga upya rangi yake ambayo inatengenezwa kwa vitamini A, na ndo maana mtu aliyekosa vitamini A dalili moja ya mapema ni kutoona jioni. Maini, viazi lishe, matembele, embe bivu.

Nusu saa ikifika fanya vinne. Tafuta nyota hafifu kabisa uitazame moja kwa moja, itafifia au kupotea, kisha tazama kidogo pembeni yake, inarudi. Katikati kabisa ya jicho seli za giza hazipo. Baba mdogo wangu anavua dagaa miaka mingi, hajui retina ni nini, ila aliniambia nikiwa mdogo, "Boya usiku usilitazame, tazama jirani yake." Pili, tandaza khanga yenye nyekundu na bluu, nyekundu itakuwa nyeusi tii na bluu itaonekana imepauka, seli za giza hazijali wekundu, kwa hiyo ukilazimika kusoma kitu funika tochi na ile nailoni nyekundu. Tatu, kazia macho taa moja ya mtumbwi bila kupepesa, zile taa hafifu za pembeni zitaanza kuzimika moja moja, kisha hamisha jicho kidogo tu zinawaka zote, hazikuzimika wala nini, jicho lako ndo lilitulia mno na picha isiyosogea linaifuta.

La nne lifanye wakati wa kuondoka. Fumba jicho la kulia lizibe na kiganja, washa tochi kawaida mshuke kwenye mawe kwa usalama mpaka pa tambarare. Hapo simameni, zimeni tochi, kisha fumbua jicho la kulia ufumbe la kushoto, halafu badilisha, mara hili mara lile. Jicho moja ziwa lote lipo, mawe yapo, mwenzio yupo. Jingine ni giza tupu. Kaeni hapo mkibadilishana mpaka la kushoto limfikie mwenzake.